Injini Inanguruma, Maji Hayaji

Injini iliwaka kwa mzungusho wa tatu wa hendeli, ikatoa moshi mweusi, ikatulia, ikaanza kunguruma kama kawaida yake. Mkanda ukazunguka, pampu ikazunguka. Kule juu, kwenye kichwa cha mfereji, Mama Pacha alisimama na jembe mkononi, gauni amelikunjia kiunoni, akitega sikio asikie maji yakipanda ndani ya bomba. Bomba likakohoa mara moja, likatema tope la kujaza kikombe, likanyamaza.

"Yamefika?" mumewe aliita kutoka bondeni, kando ya kijito.

"Bado!"

"Na sasa?"

"Sasa ndiyo bado zaidi!"

Walijaribu mara nne asubuhi ile ya Jumatatu. Kila mara injini iliwaka bila kinyongo, na kila mara bomba lilikohoa na kunyamaza. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na kwenye matuta sitini ya vitunguu majani yalianza kulala upande kama watu waliochoka kusubiri. Vitunguu vilikuwa vimefikia ule umri wa kunenepa. Ukivinyima maji wiki moja katika umri huo vinabaki vidogo kama gololi, na hakuna mnunuzi anayefunga safari kufuata gololi. Vilikuwa vimekwisha kukaa siku nne bila tone.

Mumewe alipanda kilima polepole, akiifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Watu wote wa pale walimwita Spana, kwa sababu kwa miaka thelathini hakuna nati iliyolegezwa katika shamba lile kwa mkono mwingine usiokuwa wake. Toroli, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, bomba la kunyunyizia dawa, mizani, bawaba za mlango wa zizi, vyote vilimjua. Mkewe alikuwa na mamlaka yake: kukamua, kuzoa samadi, kusuuza madebe ya maziwa, kulisha kuku, kupalilia. Vyenye roho vilikuwa vya mke, vyenye nati vilikuwa vya mume. Pacha wao wa kiume, walipokuwa wadogo, walichapwa mara moja tu katika maisha yao, na walichapwa kwa kufungua sanduku la vifaa la baba yao. Sasa walikuwa watu wazima, kila mmoja na kazi yake mbali, na salamu zao zilikuja kwa simu kila Jumapili.

"Ina nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Haina kitu. Imenuna tu."

"Jana si uliifungua ukaisafisha?"

"Ndiyo maana nakwambia haina kitu," Spana alijibu kwa ukali uliozidi swali, akapita, akajikwaa kwenye ndoo iliyokuwa wazi kabisa katikati ya njia.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Wote walimwita Bibi. Aliitazama ndoo ikibingirika, akamtazama mwanawe, akaokota jiwe kwenye maharage na kulitupa. 

Jumanne akaja fundi kutoka sokoni, yule aliyejiita Injinia. Alikuja kwa pikipiki, amevaa viatu vyeupe, na kwa sababu ya viatu hivyo hakuteremka hadi kwenye tope la kijito. Alisimama kwenye jabali kavu kando ya pampu, mikono kiunoni, akaomba injini iwashwe. Aliisikiliza kwa muda wa mtu anayepita njia.

"Injini nzima," alisema. "Pampu ndiyo marehemu. Feni ya ndani imeliwa."

"Umeiona?" Mama Pacha aliuliza.

"Mama, daktari haoni malaria, anaijua." Majirani wawili waliokuja kuangalia wakacheka, naye akapata nguvu ya kuendelea. "Pampu mpya, ukiitafuta kwa utulivu, ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Hii ya zamani nitawasaidia kuibeba, nitawapa bei ya chuma chakavu."

Spana, ambaye siku zote asingemvumilia mtu kuzungumza hivyo juu ya mashine yake, alikuwa akilishika tu gurudumu la mkanda kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. "Feni haiwezi kuliwa kwa siku moja," alisema taratibu. "Wiki iliyopita ilikuwa inatoa maji."

"Haya, mzee, wewe ni mtu wa vyuma. Njoo utazame mwenyewe." Injinia aliinama, akachovya kidole kwenye grisi iliyovuja chini ya pampu, akakinyanyua. "Unaona hizi chenga za chuma? Unaziona zinavyong'aa?"

Spana alisogea, akainama, akakaza macho. "Naziona," alisema.

Lakini aliinamia mkono wa kulia, na kidole chenye grisi kilikuwa cha mkono wa kushoto.

 Taratibu Injinia akaupitisha mkono wa kushoto mbele ya uso wa mzee, juu, chini, juu. Uso wa Spana haukuufuata. Mmoja wa majirani akaziba mdomo kwa kofia yake.

"Mzee, mkono uko huku!" Injinia aliangua kicheko. "Kumbe unatengeneza kwa kupapasa! Ndiyo maana mashine inakufa, inatibiwa na mtu anayeisalimia miti!"

"Ni jua," Spana alisema. "Jua limenipiga machoni."

Jua lilikuwa nyuma yake. Mama Pacha aliliona hilo, na akajua kwamba kila mtu pale ameliona.  Alifungua pindo la khanga, akamlipa yule kijana ada ya kuja kwake, noti kwa noti, bila kumtazama usoni. "Asante kwa kututembelea," alisema. "Chuma chakavu tutakibeba wenyewe."

Mchana huohuo habari zilitangulia pikipiki. Mama Pacha alipokwenda kupeleka maziwa, mwenye duka alimuuliza, kwa sauti ya huruma iliyosikika hadi barabarani, kama ni kweli mzee siku hizi anashikwa mkono kwenda msalani.

Alirudi nyumbani akiwa amekaza taya. Alikuwa na mambo mengi kichwani ambayo sasa yalikuwa yakijipanga yenyewe. Chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe, na meza ikalaumiwa. Waya wa uzio uliofungwa hewani, sentimita mbili kando ya nguzo. Kidole gumba cha mumewe chenye kucha nyeusi, ambacho kilipigwa nyundo mara tatu katika mwezi mmoja. Yote alikuwa ameyaona, na yote alikuwa ameyapita kama mtu anavyozipita nyasi.

Spana alikuwa zizini, ameegemea ubavu wa ng'ombe wao wa pekee, yule waliyemwita Kidoti.

"Nimempigia simu mchuuzi wa ng'ombe," alisema kabla hajaulizwa. "Atakuja Alhamisi."

"Kufanya nini?"

"Kufanya kile mchuuzi wa ng'ombe anachokifanya. Nitanunua pampu mpya."

"Baba Pacha, huyu ndiye chumvi, sukari na sabuni ya nyumba hii. Tutamuuza kwa maneno ya mtu aliyeogopa kuchafua viatu?"

"Vitunguu vikikauka tutakula nini mwaka mzima? Hivyo viatu?"

"Basi tuifungue pampu tuitazame."

"Nani aitazame?" aliuliza, na sauti yake ikapasuka katikati. Akageuka upesi, akaanza kumkuna ng'ombe nyuma ya sikio. "Nimesema Alhamisi. Basi."

Jumatano Mama Pacha alichota maji kwa ndoo. Alianza alipomaliza kukamua, ndoo moja kichwani, nyingine mkononi, kutoka kijitoni hadi kwenye matuta, hatua mia moja na arubaini za kupanda. Kufikia saa sita alikuwa amenywesha matuta matatu. Alisimama juu ya tuta la tatu, akayahesabu yaliyobaki, akaacha kuyahesabu. Lile tuta la kwanza lilikuwa limekwisha kukauka juu.

Alishuka tena kijitoni, akakaa kwenye jiwe kando ya pampu kupumzika. Pampu ilikuwa na mdomo mdogo juu yake, wenye kizibo. Kabla ya kuwasha, mumewe huwa anaimiminia maji hapo mpaka ijae, kwa sababu pampu kavu haivuti kitu. Kazi hiyo alikuwa ameiona akiifanya mara elfu. Akiwa na ndoo mkononi na uchovu mwilini, bila kuwaza sana, alifungua kile kizibo, akachota kwa kopo lililokuwa pale, akamimina. Akamimina kopo la kwanza, la pili, la tatu. Siku zote makopo mawili yalitosha. La nne likaingia, la tano, la nane. Pampu haikujaa.

Mama Pacha aliacha kumimina. Aliitazama ile pampu kwa mara ya kwanza kama kitu ambacho mtu anaweza kukiuliza swali.

"Wewe," aliiambia, "maji haya unayapeleka wapi?"

Ndani ya nyumba, Bibi alikuwa akimtazama mwanawe aliyelala chali mchana kweupe, uso kaugeuzia ukuta. Mama Pacha aliporudi, mama mkwe alimvuta pembeni, nyuma ya banda la kuku.

"Mkwe wangu, mimi ni mzee, sitaki ugomvi. Lakini wiki iliyopita mwanangu alinipita uani akaliamkia gunia la pumba. Akaliambia shikamoo. Na alilisubiri liitikie."

Mama Pacha alitaka kucheka, akajikuta anafuta machozi. "Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Niliitikia mimi," Bibi alisema. "Ningefanyaje? Nilijibanza nyuma ya gunia nikasema marahaba."

Alhamisi asubuhi, Spana akiwa bado amelala, Mama Pacha alilitoa sanduku la vifaa chini ya kitanda. Lilikuwa zito kama mtoto wa miaka mitano. Alilitwika kichwani, akatoka nalo waziwazi kupitia mlango wa mbele.

"Unakwenda wapi na sanduku la mume wako?" Bibi aliuliza kutoka jikoni. "Ukipoteza nati moja atakuuza wewe, amuache ng'ombe."

"Leo acha niuzwe, Mama."

Bibi alichota uji kwenye kikombe. "Basi kunywa uji kwanza. Usiende kuuzwa na njaa."

Kule kijitoni alianza na kile alichokijua. Maji hayatoweki, yanakwenda mahali. Kama pampu haijai, basi kuna tundu linaloyarudisha chini. Alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akalivuta bomba la kuvutia, lile linaloshuka ndani ya kijito, mpaka mwisho wake ukatokeza nje ukiwa na kile kichungi cha bati kama ungo mdogo. Ndani ya kichungi, alijua kwa kusikia mumewe akieleza, kulikuwa na ulimi wa mpira. Ulimi huo hufunguka maji yakivutwa juu, na hujifunga yakitaka kurudi. Alitafuta spana iliyokaa kwenye nati. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ikakaa. Alivuta. Haikusogea. Alikanyaga bomba kwa mguu, akavuta kwa mikono miwili kama anavyomvuta ndama aliyekwama, na nati ikalia, ikageuka, na nyingine zikafuata.

Alipokifungua kichungi, aliona bila kufundishwa na mtu. Ulimi wa mpira ulikuwa umefungwa juu chini, upande wa mgongo ndio ulioelekea chini, na pembeni ulikuwa umejikunja kama sikio la mbwa. Maji yote yaliyomiminwa juu yalikuwa yanajiendea zake.

Aliuosha ule ulimi, akaushika kiganjani, akapanda kilima. Spana alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, akisikiliza. Alikuwa amekwisha kupapasa chini ya kitanda na kukuta pakavu.

"Sanduku langu liko wapi?"

 Mama Pacha aliuchukua mkono wake, akaufungua, akaweka kiganjani mwake ulimi na kiungo chake, vikiwa bado vimeshikana vilevile alivyovikuta.

Vidole vya Spana vilianza kazi vyenyewe. Vilizunguka ukingo, vikapita juu ya mpira, vikasimama kwenye lile kunjo, vikarudi, vikapima mgongo na tumbo. Ilichukua muda mfupi sana. Mama Pacha alimwona akielewa.

"Nimeufunga kichwa chini," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi. Kwa mikono yangu."

"Tangu lini huoni, Baba Pacha?"

Kuku aliingia, akatembea chumba kizima, akatoka. "Tangu mvua za mwaka juzi. Lilianza jicho la kulia, kama ninatazama kupitia mvuke wa sufuria. Nikasema litapona. Likaja la kushoto." Alizungusha ule mpira kiganjani. "Wewe nakuona, usidhani sikuoni. Nakuona kama nguo kwenye kamba. Najua ni wewe kwa mwendo."

"Na ulikuwa tayari kumuuza Kidoti ili nisijue?"

"Nilikuwa tayari kumuuza ili nisiwe yule mzee wa kushikwa mkono."

Mama Pacha alikuwa na maneno makali tayari, aliyoyapanga tangu Jumanne. Aliyatafuta, hakuyaona. "Mimi macho ninayo," alisema. "Lakini kuhusu mashine sijui hata wapi pa kuanzia. Wewe unajua kila kitu, huoni. Tukiungana tunatimia mtu mmoja na nusu. Amka."

Walishuka pamoja, mke mbele, Spana nyuma akishika ncha ya mpini wa jembe alilolibeba mkewe begani. Mtu akiwaona kwa mbali angedhani wanabeba mzigo.

Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Spana aliketi kwenye jiwe, akaeleza, mke akashika. "Tumbo la mpira lielekee chini. Usikaze nati moja mpaka mwisho, kaza kila moja kidogo kidogo, za kukabiliana, kama unavyofunga khanga mbele na nyuma." Alipokosea, alijua kwa mlio. "Hiyo imeingia kombo. Irudishe. Irudishe, nakwambia, naisikia inalia." Mara mbili aliudaka mkono wa mkewe hewani akitaka kufanya mwenyewe, na mara mbili akauachia.

Walirudisha bomba majini. Makopo mawili, na pampu ikajaa mpaka mdomoni. Mama Pacha alipiga kelele ya furaha iliyowatimua ndege. Spana akazungusha hendeli, hiyo haikuhitaji macho, na injini ikanguruma. Juu kwenye mfereji bomba likakohoa, likatoa maji mazito kama mkono wa mtu, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha yakakonda. Kisha yakakatika.

Ni wakati huohuo mchuuzi wa ng'ombe alipotokea juu ya jabali, kamba begani, fimbo mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka ya kudumu.

"Hodi huko chini! Nimekuta bibi mmoja hapo nyumbani ananiambia ng'ombe amekwenda kutembea. Ng'ombe anatembelea nani?"

"Subiri kidogo," Mama Pacha alisema.

"Kidogo kiasi gani? Nina safari mimi."

"Kidogo cha kutosha."

Spana hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio kaelekeza kwenye pampu, mkono mmoja kaunyoosha kuwanyamazisha wote. "Washa tena," alisema. "Ijaze maji, uwashe." Mkewe akafanya hivyo. "Inavuta pumzi. Hamsikii? Kuna filimbi. Nyembamba sana. Hewa inaingia mahali, na pampu ikila hewa hainywi maji."

Mama Pacha alisogeza sikio. Mchuuzi naye, bila kutaka, alishuka hatua mbili akatega lake. Ilikuwepo kweli, filimbi kama ya mtu mwenye pengo anayelala. Lakini ilitoka wapi? Kulikuwa na viungo vitatu, na mlio wa injini uliifunika.

"Sabuni," Spana alisema. "Povu zito. Ulipake kwenye viungo, mahali povu litakaponyonywa ndipo hapo."

"Bibi!" Mama Pacha aliita kilimani kwa nguvu zake zote. "Mama! Povu la sabuni!"

Bibi, ambaye hakuwa ameshuka kijitoni kwa miaka sita kwa sababu ya magoti, alitokea na beseni la kufulia. Alipofika kwenye mteremko alisimama, akaupima, akaketi chini, akashuka kwa makalio, hatua kwa hatua, beseni mapajani, akimfokea mchuuzi kila alipojaribu kumsaidia. "Shika ng'ombe za watu, mimi niache!"

Wakapaka. Kiungo cha kwanza, povu likatulia. Cha pili, likatulia. Cha tatu, pale bomba linapoungana na tumbo la pampu, povu lilisimama kidogo, likatetemeka, kisha upande mmoja likachimbika ghafla na kuzama ndani kana kwamba limemezwa.

"Hapo!" Mama Pacha, Bibi na mchuuzi walisema kwa pamoja.

Walizima. Ndani ya kiungo kile raba ya kuzibia ilikuwa imebanwa vibaya, imekatika upande mmoja. Haikuwezekana kuirudisha. Sokoni ingepatikana, kwa Injinia, na kwa bei ya Injinia. Mama Pacha aliigeuza mkononi, akafikiri.

"Tyubu ya toroli," alisema. "Ile iliyopasuka. Ni mpira, si ndiyo?"

Spana aliinua uso. Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho hakikuwepo tangu Jumatatu. "Ni mpira," alisema. "Paka grisi kwenye mdomo wa kiungo, uugandamize juu ya tyubu. Utaacha alama yake. Kata kwa kufuata alama."

Alikimbia kilima kile kwenda na kurudi. Alama ilitoka nyeusi na safi, duara na matundu yake manne. Aliikata kwa mkasi wa kushonea, ulimi kaung'ata pembeni ya mdomo, huku mchuuzi akimshikia tyubu isiteleze na kusahau kabisa safari yake. Akaiweka. Akakaza nati moja kidogo, ya kukabiliana nayo kidogo, mbele na nyuma. Hakuna iliyolia.

Makopo mawili. Pampu ikajaa. Spana akashika hendeli, akasita, akaipeleka upande alikokuwa mkewe. "Zungusha wewe."

"Siwezi, ni nzito."

"Umemzalisha ng'ombe kwa mikono hiyo. Zungusha."

Alizungusha. Mara ya kwanza ikamkatalia, mara ya pili ikamrusha nyuma, mara ya tatu ikashika. Walisimama wote wanne wakitazama juu. Bomba likakohoa. Likakohoa tena. Kisha maji yakatoka, mazito, meupe kwa nguvu, yakapiga ukingo wa mfereji na kuruka, yakaanza kukimbia. Mama Pacha alihesabu hadi ishirini. Akahesabu hadi hamsini. Alipofika mia moja alitupa spana, akalichukua jembe, akapanda mbio kuyafungulia maji njia, maana yalikuwa yameanza kumwagika.

"Yamefika?" Spana aliita kutoka bondeni.

"Yanataka kunibeba!"

Bibi alipiga kigelegele akiwa ameketi palepale kwenye tope. Mchuuzi alikuna kichwa, akaitazama kamba yake. "Sasa ng'ombe?" aliuliza.

"Amerudi kutoka matembezini," Bibi alimwambia. "Amesema hataki kusafiri. Wewe una nguvu, ninyanyue unipandishe, nikakukamulie maziwa unywe uende zako."

Matuta sitini yalinyweshwa kwa siku mbili. Wiki ya pili vitunguu vilikuwa vimeinua udongo na kuupasua, na mwezi uliofuata mnunuzi alikuja na lori, akachukua magunia arubaini na mawili, akaomba aambiwe mapema msimu ujao. Injinia alipita siku moja na pikipiki yake, akapunguza mwendo kwenye uzio, akauona mfereji umejaa pomoni. Mama Pacha alimpungia mkono. Hakusimama.

Pesa ya kwanza iliyotoka katika magunia yale haikwenda kwenye pampu wala kwenye bati. Mama Pacha alimvalisha mumewe shati la kutokea, akamshika mkono mchana kweupe, wakapita mbele ya duka polepole, kwa makusudi, akamsalimia mwenye duka kwa jina la heshima, wakaenda hospitali ya macho. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawauliza walikuwa wapi miaka miwili. "Tulikuwa tunatengeneza pampu," Spana alijibu.

Walimpasua jicho moja, kisha la pili. Siku ya kurudi nyumbani aliposhuka kwenye gari alisimama uani muda mrefu. Alimtazama mama yake, akamwamkia, naye Bibi akaitikia bila kujificha. Alimtazama mkewe, akamsogelea, akamtazama tena.

"Umeota mvi," alisema kwa mshangao.

"Na wewe huna kioo," mkewe alimjibu.

Kabla ya chai alitaka kuzunguka shamba. Alizikagua nyaya za uzio ambazo mkewe alikuwa amezifunga upya, akazivuta moja moja. Alilisukuma toroli, halikulia. Alishuka kijitoni bila kushika kitu, akapiga magoti mbele ya pampu, akatoa spana mfukoni na kuijaribu kila nati ya kile kiungo cha tatu. Zote nne zilikaa kama zimezaliwa hapo. Alirudi nyumbani kimya, na Mama Pacha, aliyekuwa akimchungulia dirishani, hakujua kama amekasirika.

Spana alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, sanduku la vifaa limefunguliwa miguuni mwake, jirani mmoja wa kike alipoingia na bomba la kunyunyizia dawa mgongoni, linavuja, gauni limemlowa. Spana alinyoosha mikono kulipokea, kama alivyofanya miaka yote. Yule jirani aliona haya kidogo, akazunguka benchi.

"Samahani, Baba Pacha. Nimemletea fundi," alisema, akamkabidhi Mama Pacha aliyekuwa ametoka mlangoni.

Mikono ya Spana ilibaki hewani kwa kitambo. Kisha akairudisha, akacheka taratibu peke yake, akasogea kwenye benchi mpaka mwisho, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Mama Pacha akaketi. Aliligeuza lile bomba magotini, akatafuta linapovujia, akalipata. Alinyoosha mkono bila kuinua macho, na mumewe akamwekea kiganjani spana namba kumi, ileile aliyokuwa akiitaka.